Hasa Mwanamke

Prufu za kamusi, Barabara ya Kirinyaga,
orofa ya tatu, juu ya duka la vipuri.
Chai imepoa ikafanya utando.
Nimefika M, na hapa nimekwama:

mchawi: mtu, hasa mwanamke,
adhuruye wenzake kwa nguvu za giza.

Hasa.
Nani aliipenyeza hasa hii hapa?
M yetu haina titi wala ndevu.
Msomi, mlevi, mdeni, mpiga chapa,
humchukua yeyote mwenye pumzi.
Lakini ikifika mbele ya chawi
mtu ameifunga leso kiunoni.

Nikauliza meza kwa meza.
Gathoni wa hesabu: kwetu ni mũrogi.
Kwamboka, birika mkononi: omorogi.
Nekesa: omulosi, na usilitaje nikila.
Muthini akasema mũoi,
neno limeng'olewa jino la katikati.
Nami nina mlozi, kutoka kuloga.
Dada watano, pua moja,
walioachana njiani kabla mji huu haujawa mji,
wakakutana tena kwenye ngazi zetu, wakipangisha vyumba.
Okumu peke yake akacheka: kwetu ni jajuok,
naye mara nyingi ni mwanamume,
mzee mzima na heshima zake, anakimbia uchi usiku.

Na mchawi je, alizaliwa wapi?
Sijui. Vitabu vyangu vinakohoa tu.
Nimebaki kucheza na sauti, kama mtoto na vifuniko vya soda:
kucha, kuogopa, kama mcha Mungu.
Kucha, usiku kuisha.
Kucha, hizi za vidole, zenye unga chini yake.
Si elimu hii. Ni uchovu wa saa kumi jioni.
Lakini ilitosha kumrudisha Kemunto.

Huruma, ploti ya ghorofa sita, bomba moja.
Mama alikuwa zamu ya usiku, kiwanda cha sabuni.
"Mpe mchawi mwana akulelee," alisema akicheka,
akaniacha mlangoni kwa Kemunto na blanketi langu.
Alicheka, ndiyo. Lakini neno lilikwishatoka,
na ngazi zina masikio.

Walisema halali.
Walisema saa tisa usiku amesikika uani
akinong'ona, na chuma kikilia.
Walisema mumewe hakufa hivihivi.
Mimi nililala naye chumba kimoja, nilijua:
saa tisa ndipo maji yalipokuja.
Mji uliopewa jina la maji baridi
huyatoa maji yake kama siri, usiku, dakika arobaini.
Kemunto alishuka na kanga kichwani,
akanong'ona idadi ya mitungi asije akapoteza hesabu,
akajaza wake, kisha wa mjane wa ghorofa ya nne,
kisha wetu, kisha wa wale waliomsema.
Asubuhi walikuta mitungi imejaa mlangoni.
Wakamwaga.
Wakaenda kununua kwa mkokoteni, shilingi ishirini.

Siku aliyohama hakuna aliyebeba hata sufuria.
Kwenye nguzo ya stima nje ya lango
palikuwa na bango, limo hadi leo, limebadili namba tu:
MGANGA, anarudisha mpenzi, anaongeza biashara.
Huyo mwanamume wanampigia simu,
wanamtumia pesa na ya kutolea.

Basi nimekata hasa mwanamke kwa kalamu nyekundu.
Mhariri ameirudisha kwa penseli: "Ndivyo watu wasemavyo."
Sikubishana. Anayo mikopo, ninayo kodi.
Ila nafasi ya mfano wa matumizi ilikuwa tupu,
na mifano ni kazi yangu.
Nikaandika:

Mchawi alitujazia mitungi kabla hakujacha.

Ameipitisha. Nadhani hakuisoma.
Kesho inaingia mtamboni.